Shokapu za Corolla na Mpira Uliosahaulika Ndani

Mlio ulianza kwenye matuta ya Mikindani, kilomita kama 10 kutoka mjini Mtwara, pale ambapo kila dereva aendaye Lindi hupunguza mwendo apende asipende. Gurudumu la mbele kulia lilipopanda tuta ilisikika "ko" moja nzito, na liliposhuka zikafuata mbili nyepesi, mfano wa mtu anayegonga mlango kwa kidole huku akiogopa kuamsha wenye nyumba. Gari langu ni Toyota Corolla ya mwaka 2004, toleo ambalo mafundi huliita kwa namba zake, NZE121, na wengi wetu huku Kusini tunalijua kwa uvumilivu wake. Katika mji wetu ukieleza mlio wa namna hiyo hujibiwa kabla hujamaliza maelezo: "Hizo ni shokapu, kaka." Nilijibiwa hivyo mara mbili ndani ya miaka miwili, katika gereji mbili tofauti, nikalipa mara mbili, na mara zote mlio ulirudi kabla ya msimu wa korosho kwisha.

Mara ya kwanza nilifungiwa shokapu za mtumba, kwa hiyo sikushangaa sana. Mara ya pili nilifungiwa mpya, zikiwa bado na harufu ya boksi, na hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kama tatizo lilikuwa kwenye kile kilichobadilishwa au kwenye kile kilichorudishwa ndani kimyakimya. Niliamua kwamba mara ya tatu nitaifanya kazi hiyo mwenyewe, nyumbani Shangani, chini ya mwembe, ili nione kwa macho yangu kila kinachotoka na kila kinachorudi. Sikufanya hivyo kwa kubana fedha, kwa sababu ukihesabu spana nilizonunua na siku mbili nilizopoteza, gereji ingekuwa nafuu.

Kabla ya kugusa boliti hata moja inafaa kuelewa kwamba shokapu haibebi gari. Anayebeba gari ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi hiyo ili ikishabonyezwa na shimo isiendelee kupanda na kushuka kama kitanda cha kamba. Ndani yake kuna mafuta na pistoni yenye vitundu na vali ndogo, na mafuta yanapolazimishwa kupita katika vitundu hivyo, nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Ndiyo maana ukisimama Tandahimba baada ya barabara mbaya na ukaigusa shokapu, utaikuta ina joto ingawa haikaribiani na injini. Katika magari madogo mengi, Corolla ikiwemo, shokapu ya mbele imefungwa pamoja na springi katika mhimili mmoja ambao pia hushika gurudumu lisimame wima. Mpangilio huo unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na ulianza kujulikana sana kupitia magari ya Ford Consul na Zephyr ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Uzuri wake ni kwamba unatumia vipande vichache na nafasi ndogo. Ubaya wake, kwa mtu wa nyumbani, ni kwamba huwezi kuitoa shokapu bila kukutana na springi iliyobanwa, na hapo ndipo watu huumia.

Uchunguzi niliufanya siku tatu kabla ya kufungua chochote. Nilibonyeza kona ya mbele ya gari kwa uzito wangu wote nikaiachia: upande wa kushoto ulipanda ukatulia, wa kulia ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Kipimo hicho ni cha zamani na hakisemi kila kitu, lakini kikikwambia upande mmoja unatofautiana na wa pili hakidanganyi. Kisha nililala chini na tochi. Shokapu yenye unyevunyevu wa mafuta karibu na shingo inaweza kuwa bado nzima, lakini ya kulia ilikuwa imelowa hadi chini na vumbi jekundu la Newala lilikuwa limeshikamana nayo kama unga wa muhogo kwenye mkono uliolowa. Tairi nalo lilikuwa limelika kwa mabaka, sehemu imelika na sehemu imebaki, dalili kwamba gurudumu lilikuwa likirukaruka badala ya kukanyaga barabara sawasawa. Mwisho nilimwomba mpwa wangu akae ndani azungushe usukani polepole huku mimi nimeshika springi kwa kiganja. Springi ya kulia haikuzunguka kwa ulaini. Ilijikunja, ikakwama, halafu ikaruka ghafla na kutoa ule mlio. Niliandika jambo hilo kwenye daftari bila kulielewa vizuri, na ndilo lililokuja kuwa jibu la kila kitu.

Spea zilinipa somo lao. Nilinunua shokapu mbili mpya katika duka moja mjini, nikaziweka stoo, na siku ya kazi ndipo nilipozitoa kwenye maboksi na kugundua kwamba zote mbili ni za kulia. Shokapu za mbele za Corolla hazifanani: kila moja ina kishikio cha mpira wa breki na cha waya wa sensa ya breki upande wake maalumu, na kwa kawaida huandikwa herufi R au L kwenye boksi au kwenye bomba lenyewe. Muuzaji alinihakikishia kwamba "zinaingia zote tu." Ni kweli boliti zingeingia, ila mpira wa breki ungebaki unaning'inia mahali ambapo gurudumu lingeusaga. Nilirudisha moja, na ya kushoto ikabidi iagizwe Gerezani, Kariakoo, ikaja na basi kutoka Dar es Salaam siku iliyofuata, imefungwa kwa gunia na kuandikwa namba yangu ya simu kwa kalamu nene. Katika agizo hilo niliongeza vitu ambavyo hakuna fundi aliyewahi kunitajia: mauntini mbili za juu, yaani vikalio vinavyoishika shokapu kwa juu, pamoja na beringi zake, mipira ya kuzuia shokapu isigote, makava ya vumbi, na linki mbili za stabilaiza.

Wanaoishi Shangani wanajua kwamba ardhi yetu ni mchanga. Jeki ya kuzungusha iliyokuja na gari ina kitako kidogo kama kiganja cha mtoto, na nilipoipandisha mara ya kwanza haikuinua gari, bali ilizama yenyewe ikijichimbia kaburi. Nilitafuta vipande viwili vya mbao ngumu vyenye unene wa inchi mbili na upana wa kutosha, nikaviweka chini ya jeki na chini ya stendi. Nasisitiza stendi, kwa sababu nimeona mara nyingi huku kwetu gari likiegeshwa juu ya matofali ya saruji au mawe ya matumbawe, na mtu amelala chini yake akipiga mluzi. Tofali la saruji hubeba ukuta vizuri sana, lakini uzito ukikusanyika mahali pamoja hupasuka bila kukuaga. Nilivuta handbreki, nikazuia magurudumu ya nyuma kwa mbao, nikalegeza nati za magurudumu kidogo wakati tairi bado limekanyaga chini, kisha nikainua pande zote mbili za mbele, nikaweka stendi mbili katika sehemu imara za chesisi na kulisukuma gari kwa bega kuona kama linacheza.

Kuinua pande zote mbili kuna sababu nyingine. Stabilaiza ni chuma kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, na ukiinua upande mmoja tu chuma hicho hujisokota, kwa hiyo linki, kile kifimbo kinachokiunganisha na shokapu, inakuwa imebanwa na nati yake haitoki kwa amani. Magurudumu yote mawili yakining'inia sawa, linki hulegea na unaweza kuitikisa kwa vidole.

Adui mkubwa wa siku ya kwanza alikuwa kutu. Upepo wa kusi hupiga Shangani kwa miezi mingi ya mwaka ukiwa umebeba chumvi, na chumvi hiyo haibagui bati, antena wala boliti. Boliti mbili kubwa zinazofunga shokapu kwenye nako, yaani kile chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu, zilikuwa zimegeuka rangi ya ubuyu. Jioni iliyotangulia nilizisugua kwa brashi ya waya na kuzipaka mafuta ya kulegeza kutu, nikarudia asubuhi, na bado ya kulia ilikataa. Kosa ambalo nusura nilifanye ni kutumia spana ya wazi, ile yenye mdomo. Ingekula pembe za nati na hapo ningeishia kuikata kwa grainda. Nilitumia soketi ya pembe sita, nikashikilia kichwa cha boliti kwa spana ya ringi upande wa pili, kisha nikachomeka bomba la maji la chuma kwenye mpini ili kuongeza urefu. Ilitoa mlio kama wa risasi ya mbali, mpwa wangu akaruka nyuma, na kuku wa jirani wakatawanyika. Huo ndio mlio mzuri. Mlio mbaya ni ule wa taratibu, wa chuma kulainika kama toffi, kwa sababu maana yake boliti inakatika.

Kabla ya kuzitoa kabisa nilichora mstari mwembamba kwa msumari mahali shokapu inapokutana na nako, kwa kuwa matundu hayo huwa na nafasi ndogo ya kucheza na nafasi hiyo hubadilisha mlalo wa gurudumu. Mstari hauchukui nafasi ya alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa kwa magurudumu, ila unakuwezesha kulipeleka gari hadi kwenye alaimenti bila kula tairi njiani. Nikafungua boliti ndogo ya mpira wa breki, nikachomoa klipu ya waya wa sensa kwa subira kwa sababu plastiki ya miaka 20 ni kama yai, nikatoa nati ya linki huku nikishikilia katikati kwa alenki, na nikaifunga nako kwa kamba ya katani kwenye chesisi ili isianguke nje na kuvuta mpira wa breki. Baada ya hapo kulibaki nati tatu za juu chini ya boneti. Hizo hutolewa mwisho, mkono mmoja ukiwa umeishika shokapu kutoka chini, la sivyo itakuangukia mguuni.

Katikati ya nati hizo tatu kuna nati ya nne, kubwa zaidi. Nilikuwa nimeielekeza spana kwake, nikidhani ni busara kuilegeza kidogo mapema, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Hiyo ya katikati usiiguse."

Alikuwa jirani yangu, fundi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi bandarini, amesimama na kikombe cha kahawa na kifuko cha ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku Kusini. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo ndiyo inayoishikilia springi isitoke. Ukiifungua hapo, shokapu utaikuta juu ya mwembe."

Hakuwa anatia chumvi sana. Corolla tupu ina uzito unaozidi tani 1 kidogo, sehemu kubwa yake iko mbele kwenye injini, na kila springi ya mbele hubeba karibu kilo 300 gari likiwa limesimama tu. Hata ikiwa nje ya gari, springi hiyo inabaki imebanwa kati ya vikombe viwili, na kinachoizuia ni nati hiyo moja. Hapa ndipo nilipoweka mpaka wa kazi ya nyumbani. Vibanio vya springi nilivyokuwa nimeazima vilikuwa vya boliti nyembamba, nyuzi zake zimelika, na mzee alivitazama, akavipindua, akavirudisha kwenye gunia bila kusema neno. Tulizibeba shokapu zote mbili kwa bodaboda hadi kwenye gereji ya rafiki yake kule Magomeni, yenye kibanio kizito kilichofungwa kwenye meza, na kazi hiyo ikamalizika kwa malipo madogo ndani ya saa moja. Anayetaka kutumia vibanio vya mkono anapaswa kuviweka vikitazamana pande mbili za springi, kuvikaza kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, hadi springi yenyewe izunguke huru kati ya vikombe vyake, na wakati wote huo asiuelekeze uso wala tumbo kwenye ncha ya shokapu. Mimi sikutaka kujaribu.

Kilichotoka ndani ya shokapu ya kulia ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Mauntini ya juu ni sahani ya chuma yenye mpira katikati, na chini yake kuna beringi inayoruhusu springi na shokapu kuzunguka pamoja na usukani. Mpira ulikuwa umeachana na chuma chake duara zima, kiasi kwamba niliweza kuupandisha na kuushusha kwa kidole gumba, na kila nilipoushusha ulitoa ile "ko" ya Mikindani, mezani, bila gari. Beringi ilikuwa na mchanga badala ya grisi. Mpira wa kuzuia kugota, ambao hukaa kwenye fimbo ya shokapu ili gurudumu likizama kwenye shimo refu chuma kisipige chuma, haukuwepo kabisa. Kulikuwa na vipande viwili vilivyosagika kama makapi ya nazi, na kava la vumbi lilikuwa limechanika na kushuka chini. Kwa maneno mengine, mafundi wawili kwa nyakati mbili walifungua mahali hapo, wakaiona hali hiyo, wakaweka shokapu nyingine chini ya mauntini iliyokufa. Shokapu isiyo na kava hukusanya mchanga kwenye fimbo yake, mchanga hukwangua sili ya mafuta, na ile isiyo na mpira wa kugota hupigwa ndani kila siku hadi ivuje. Shokapu zangu mpya zilikuwa zimeuawa na vipande vya bei ndogo kuliko kreti ya soda.

Nilitaka kukasirika, lakini mzee alinikumbusha kwamba mteja akifika gereji huuliza bei ya shokapu tu, na fundi akiongeza mauntini kwenye hesabu huonekana mwizi. Nadhani ana haki kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba angeniambia, ningechagua mwenyewe.

Shokapu mpya haifungwi moja kwa moja kutoka kwenye boksi. Imelala muda mrefu, na hewa huingia mahali pa mafuta, kwa hiyo husimamishwa wima na kubonyezwa hadi mwisho na kuachiwa mara tano au sita, hadi ile hali ya kuteleza tupu katikati iishe na mkono uhisi uzito uleule njia nzima. Fimbo yake inayong'aa haishikwi kwa koleo hata siku moja. Mkwaruzo mdogo kama unywele utaichana sili. Ncha ya chini ya springi ina kituo chake kwenye kikombe, kijingo kidogo ambacho lazima ikiegemee, na nilimwomba fundi asiachie kibanio hadi nimeiona kwa macho imekaa. Vilevile kikombe cha juu kina alama ya upande unaotazama nje ya gari, na kukipuuza ni kukubali springi ikae imepinda.

Kurudisha kulikwenda upesi, kwa kuwa boliti zilizosafishwa na kupakwa grisi kidogo huingia kwa vidole. Nilichojali zaidi ni mkazo. Kwa gari hili boliti mbili za kwenye nako hukazwa kwa niutoni mita 153, nati tatu za juu kwa 39, ile ya katikati kwa 47, na nati za magurudumu kwa 103. Kwa asiye na spana ya kupimia mkazo, niutoni mita 153 ni sawa na kuning'iniza karibu kilo 31 kwenye ncha ya mpini wa nusu mita. Namba 39 ni ndogo, na ndiyo maana nati za juu hukatika mara nyingi mikononi mwa watu wenye nguvu na haraka. Za magurudumu nilizikaza kwa kuvuka, nyota, gari likiwa limeshushwa chini.

Alaimenti niliifanya siku iliyofuata asubuhi. Mlalo wa gurudumu la kulia ulikuwa umetoka kidogo, wa kushoto ulikuwa karibu sawa na mstari wangu wa msumari, nami nikajipongeza kimoyomoyo. Kisha nikaelekea Lindi, kupitia Mikindani, Mpapura na Mnazi Mmoja, kilomita zinazozidi 100 kidogo, redio ikiwa imezimwa makusudi. Kwenye tuta la kwanza nilishika usukani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Gari lilipanda, likashuka, likatulia. Tuta la pili nililipita kwa mwendo uleule niliozoea, na kilichosikika ni chupa ya maji ikibingirika chini ya kiti. Nilipofika Lindi nilifungua boneti na kukagua upya nati zote sita za juu, na moja ya kushoto ilikubali robo ya mzunguko, jambo la kawaida kwa mpira mpya unaotafuta kikao chake. Boliti za nako nilizipima tena baada ya kurudi nyumbani, na hazikusogea.

Jioni ile mzee alikuja kuziulizia zile za zamani. Mjukuu wake ana mtumbwi unaolala ufukweni, na nanga yake iliibwa. Nilimpa shokapu ya kulia baada ya kumwomba asimruhusu kijana kuitoboa wala kuitia motoni, kwa kuwa ndani kunaweza kuwa bado na gesi yenye msukumo, na tuliifuta mafuta yote ya nje ili isichafue maji ya watu. Ya kushoto bado iko stoo. Mauntini ile iliyokufa nimeiweka kwenye droo ya gari, na nikipita gereji hata kwa kazi nyingine huitoa, huiweka mezani na kuibonyeza kwa kidole gumba ili wausikie ule mlio.